Kuhesabu Magari Yanayopita Hakutoshi

Wanaopanga barabara hupenda kuuliza: magari mangapi yanapita hapa kwa saa? Swali hilo likiulizwa peke yake linapotosha. Afadhali tuanze na jingine: magari mangapi yamo ndani ya kila kilomita, yaani msongamano ni kiasi gani?

Mmarekani Bruce Greenshields alilionyesha hili mwaka 1935, baada ya kupiga picha za magari barabarani huko Ohio. Alichora mstari mnyoofu: kadiri magari yanavyosongamana ndivyo kasi inavyopungua, hadi yanapobanana na kusimama kabisa. Chukua njia moja ambayo ikiwa tupu gari huenda kilomita 100 kwa saa, na ambayo hujaa pomoni kwa magari 140 kwa kilomita. Yakiwa 35, kasi ni 75. Yakiwa 105, kasi ni 25. Zidisha: mara zote mbili hupita magari 2,625 kwa saa! Aliyekaa kando akihesabu ataandika namba ileile, ilhali dereva wa kwanza anateleza na wa pili ameshachoka kupiga honi.

Ila mstari wenyewe siuamini. Kwa hesabu yake, njia hiyo ingepitisha hadi magari 3,500 kwa saa, yaani gari moja karibu kila sekunde. Madereva hawafuatani karibu hivyo kwa muda mrefu. Barabara kuu nzuri hupitisha 2,000 na ushee kwa kila njia. Mtafiti mwingine, Greenberg, akaja na modeli ya logarithimu mwaka 1959, yaani mstari uliopinda badala ya mnyoofu. Inafaa kwenye foleni, lakini barabara ikiwa tupu inatoa kasi isiyo na kikomo. Modeli ya mtafiti Underwood ya 1961 ina kasoro ya upande wa pili: magari hata yakibanana vipi, hayasimami.

Tena kuna jaribio la Japani lililochapishwa mwaka 2008: magari 22 kwenye duara lenye mzingo wa mita 230, madereva wakiombwa kwenda mwendo mmoja. Hakukuwa na taa, ajali wala kona kali. Foleni ikazuka yenyewe na kurudi nyuma, kinyume na mwelekeo wa magari. Kwa duara zima, msongamano ni uleule wa mwanzo: magari 22 kwa mita 230. Kasi ndiyo iliyobadilika.

Kwa hiyo modeli inayotoa kasi moja tu kwa kila msongamano naiachia makadirio ya haraka. Ya kuamua lini magari yazuiwe kuingia barabara kuu, nataka inayonieleza pia uwezekano wa foleni kuzuka kabla njia haijajaa.