Mistari michache, karatasi kubwa: mchoro huu una nafasi Bagamoyo?

Mwanafunzi wa sanaa Bagamoyo akipiga mistari mitatu ya penseli kwenye karatasi pana na kuiacha nyeupe sehemu iliyobaki, ataulizwa: umemaliza? Swali hilo lina haki yake. Picha inayouzwa kwa watalii pwani hii ni ya tingatinga, mtindo wa Edward Saidi Tingatinga ulioanzia Dar es Salaam miaka ya 1960: rangi kali, wanyama, ubao umejaa. Mnunuzi mpita njia anajua analipia nini. Mstari mwembamba ukitundikwa kati ya twiga na pundamilia hauonekani hata kwa hatua tano. Anayesema mchoro wa namna hii haumlishi msanii hasemi uongo.

Wapo lakini wanaouita uvivu, tena wa kigeni. Hapo siwafuati.

Nasreen Mohamedi, aliyezaliwa Karachi mwaka 1937 na baadaye kufundisha Baroda, India, alichora kwa wino na penseli akitumia vifaa vya wachora ramani za majengo. Mistari yake hutofautiana unene, hukaribiana, kisha huachana ikikimbilia pembeni, mpaka jicho linaona kina mahali ambapo hakuna kilichochorwa. Mkono ukiteleza, hakuna rangi ya kuficha kosa. Aliushikilia usahihi huo hata maradhi yalipoanza kumpokonya nguvu za mwili, hadi alipofariki mwaka 1990. Uvivu uko wapi?

Na ugeni? Tazama nyumba za matumbawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Wageni hupiga picha milango ya nakshi, ila nakshi hiyo inapata nguvu kwa sababu imezungukwa na ukuta mpana wa chokaa usio na pambo lolote. Waliojenga walijua pa kujaza na pa kuacha.

Hata hivyo, weupe wa karatasi peke yake si kazi. Kipimo changu ni hiki: sogeza mstari kidogo, juu au kando. Kama nafasi haikubadilika uzito, mchoro huo haujaanza, na ninakiri michoro mingi ya aina hii huanguka hapo. Ndiyo maana ningependa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), inayofundisha sanaa hapa tangu ilipoanza kama chuo mwaka 1981, iwape wanafunzi wake zoezi hili kwa ukali, na chumba kitulivu cha kutundika kazi hizo mbali na meza za mauzo.