Ngozi ya tumbo inayoning'inia: kuikata ni tiba au urembo?

Mtu akipungua makumi ya kilo, au akishazaa, mafuta huweza kuondoka na ngozi ikabaki. Ikishatanuka kupita kiasi hainywei tena, na hakuna mazoezi wala krimu ya kuirudisha. Mkunjo ukiwa mkubwa hulala juu ya kinena, na chini yake jasho halikauki: ngozi huchubuka, fangasi huota, harufu hutoka hata kwa aliyeoga asubuhi hiyo hiyo. Kumwambia mtu huyu ajikubali alivyo ni kumkosea. Ana kidonda.

Upasuaji wenyewe ni wa aina mbili, na watu huzichanganya. Mmoja hukata tu ngozi na mafuta yanayoning'inia. Mwingine huenda mbali zaidi: misuli ya tumbo iliyoachana kwa ujauzito huvutwa na kushonwa, na kitovu hupitishwa kwenye tundu jipya la ngozi. Bima zikikubali kulipa, kwa kawaida hulipia ule wa kwanza, tena baada ya vidonda kutibiwa kwa miezi bila kupona. Wa pili huuita urembo. Mpaka huo naona umechorwa kwa haraka, maana wapo wanaoumwa mgongo kwa sababu ya misuli hiyo na wakapata nafuu iliposhonwa. (Fiziotherapia, yaani mazoezi ya tiba, ijaribiwe kwanza, lakini.)

Wanaopinga wana hoja nzito pia, ila si ile ya kwamba upasuaji huu ni anasa tu. Hii ni operesheni kubwa. Kovu huenda kutoka nyonga hadi nyonga na halifutiki. Majimaji huweza kujikusanya chini ya ngozi, kidonda kikaachia, ngozi iliyo chini ya kitovu ikafa ganzi. Damu ikiganda mguuni na kupanda mapafuni, huua. Kwa mvutaji sigara kidonda hupona vibaya, ndiyo maana hutakiwa kuacha wiki kadhaa kabla.

Kinachonisumbua zaidi ni wakati. Uzito ambao bado unapanda na kushuka, au mimba nyingine, huweza kuharibu kazi yote. Na kwa takriban wiki 6 baada ya kupasuliwa huruhusiwi kunyanyua kitu kizito, mtoto wako akiwemo. Daktari anayepanga tarehe bila kuuliza kama unataka kuzaa tena, na nani atambeba mtoto huyo, usimlipe hata malipo ya awali.