Njia Ikifungwa, Tutamudu Siku Ngapi?

Tathmini nyingi za hatari ambazo serikali huandaa kuhusu maslahi yao katika nchi za nje huanza na swali lile lile: je, kuna uwezekano gani wa mapinduzi au vita? Majibu hupakwa rangi kwenye ramani, nyekundu kwa nchi zenye fujo na kijani kwa zilizotulia, kisha kabrasha hufungwa. Kwa maoni yangu swali hilo halitoshi, kwa sababu maslahi ya nchi huko ugenini mara nyingi huumizwa na ugomvi ambao nchi yenyewe haimo.

Tangu 1996, gesi ya Algeria ilikuwa ikifika Hispania kwa bomba linalokatiza ardhi ya Moroko. Agosti 2021 Algeria ilivunja uhusiano wa kibalozi na Moroko, na mkataba wa bomba ulipokwisha tarehe 31 Oktoba mwaka huo, haikuuhuisha. Hispania haikuwamo katika ugomvi huo wa Algeria na Moroko, wala hapakuwa na risasi iliyofyatuliwa ambayo ingebadilisha rangi ya ramani. Kilichoifaa ni kwamba ilikuwa na bomba la pili, Medgaz, linalopita chini ya bahari moja kwa moja kutoka Algeria, pamoja na vituo vya kupokea gesi ya kimiminika inayoletwa na meli.

Sudan inafundisha zaidi. Sudan Kusini ilipopata uhuru Julai 2011, visima vingi vya mafuta vilibaki kusini, huku mabomba na bandari vikibaki kaskazini, na kampuni za China, Malaysia na India zilizowekeza katika nchi moja zikajikuta zinashughulika na mbili. Januari 2012 Juba ilisimamisha uzalishaji kwa sababu ya mgogoro wa ada za kupitisha mafuta. Mwaka 2024 bomba kuu lilikwama tena, safari hii bila amri ya mtu. Mafuta yanayoitwa Dar Blend yana nta nyingi na huganda yasipopashwa moto, na vita vya Sudan vilizuia dizeli kufika kwenye vituo vya kusukumia. Mchambuzi aliyekuwa akihesabu vikosi na majenerali asingeiona hatari iliyojificha kwenye tangi la dizeli la pampu.

Ndiyo maana ningetaka kila tathmini ijibu kwanza: njia hii ikifungwa leo asubuhi, tutamudu siku ngapi, na ufunguo uko mikononi mwa nani? Uwezekano wa vita hukisiwa, tena hukisiwa vibaya, ilhali akiba iliyo ghalani, njia mbadala na vifungu vya mkataba vinaweza kuhesabiwa. Najua akiba na njia mbadala ni gharama ya kila mwaka kwa jambo ambalo huenda lisitokee, na kwa bidhaa ndogondogo mimi mwenyewe nisingeilipa.

Kwa watu, hata hivyo, sikubali hoja ya gharama. Mwaka 2011 China ililazimika kuwaondoa raia wake zaidi ya 35,000 kutoka Libya kwa meli, ndege na mabasi, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa miradi ya ujenzi na mafuta. Orodha ya majina, kambi wanazolala na nambari za simu za wasimamizi wao ni kurasa chache tu. Ndizo ninazozitafuta kwanza nikifungua kabrasha la namna hii, na mara nyingi sizikuti.