Mtaala wa Uingereza au shule ya jirani: hesabu ya familia ya kigeni iliyopanga Bagamoyo

Bagamoyo hupokea familia nyingi za wageni wa mikataba: watafiti wa kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara, wasimamizi wa hoteli za ufukweni, wahandisi, wataalamu wa kilimo cha miwa. Wamo pia Watanzania walioishi Uingereza kwa miaka na sasa wanarudi na watoto waliozaliwa huko. Nyumba hupatikana bila tabu, tena kwa kodi nafuu kuliko Masaki au Mbezi Beach. Likija suala la shule, ushauri unagongana. Wapo wanaoshikilia kwamba mtoto ambaye mzazi wake ana mkataba wa miaka miwili au mitatu asitolewe kwenye mtaala wa Uingereza kwa hali yoyote, hata kama shule iko Kunduchi, Dar es Salaam. Wengine wanasema kumwamsha mtoto wa miaka sita kabla ya adhana ya alfajiri, siku tano kwa wiki, ni kumwonea, na kwamba shule nzuri za mchepuo wa Kiingereza zipo Bagamoyo hapo hapo.

Pande zote mbili zina hoja, ila kila upande unatoa jibu moja kwa watoto wa umri wowote. Kwa maoni yetu, mpaka mtoto afike karibu miaka kumi, umbali uwe na uzito kuliko mtaala. Kuanzia Mwaka wa 9 wa mtaala wa Uingereza, mtoto akiwa na miaka 13 hadi 14, mtaala ndio uamue, na barabara ikishindikana, familia ihame nyumba.

Tuanze na hoja ya mtaala, kwa kuwa ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Mtaala wa Uingereza unahamishika. Mtoto huingia Mwaka wa 1 akiwa na miaka mitano, humaliza msingi Mwaka wa 6, husoma sekondari ya awali Mwaka wa 7 hadi wa 9, hufanya mtihani wa IGCSE (ngazi ya kidato cha nne) baada ya Mwaka wa 10 na wa 11, kisha A-Level (ngazi ya kidato cha sita) katika Mwaka wa 12 na wa 13. Anayeondoka Bagamoyo mwezi Juni akiwa amemaliza Mwaka wa 5 ataingia Mwaka wa 6 Nairobi, Dubai au Leeds bila kupoteza hata mwezi. Wa shule ya mtaala wa Tanzania akiondoka Juni anakuwa katikati ya darasa, kwa sababu mwaka wetu wa masomo huanza Januari. Na madarasa hayalingani kwa namba: darasa la kwanza letu, la mtoto wa miaka sita, linakaribiana na Mwaka wa 2 wa Uingereza. Zaidi ya hapo, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inapunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na mageuzi hayo yanaingia hatua kwa hatua. Majedwali ya zamani ya kulinganisha madarasa, ambayo bado yanazunguka kwenye simu za watu, yatakupotosha.

Umri nao una mtego wake. Uingereza hupanga madarasa kwa tarehe 31 Agosti. Mtoto aliyezaliwa tarehe 30 Agosti na wa tarehe 2 Septemba wamepishana siku tatu, lakini wako madarasa mawili tofauti. Shule ikisema itamshusha mtoto darasa moja ili akomae katika Kiingereza, kwa mtoto wa miaka sita hakuna ubaya. Kwa wa miaka kumi na nne, hatua hiyo inausogeza mtihani wake mwaka mzima mbele, pengine mkataba wa mzazi ukiwa umekwisha.

Sasa barabara. Kutoka Bagamoyo mjini unapita Kiromo, Zinga, Kerege, Mapinga, Bunju, Boko na Tegeta ndipo ufike maeneo yenye shule za mtaala huu. Haven of Peace Academy, wengi wanaiita HOPAC, ni ya Kikristo, iko Kunduchi Mtongani, na wanafunzi wake hufanya IGCSE na A-Level. Mpaka Bunju gari linakwenda vizuri. Msongamano unaanza pale ambapo magari ya Bunju, Boko na Tegeta yanakutana yote yakielekea mjini, na ujenzi wa njia za mwendokasi umekuwa ukibana barabara. Mvua za masika, Machi hadi Mei, zinaongeza lake.

Tuchukue mfano wa gari linaloondoka Bagamoyo saa 11:30 alfajiri na kufika saa 1:00, kisha kurudi kuanzia saa 9:15 alasiri hadi saa 10:45. Hizo ni saa tatu kwa siku. Kwa mwaka wa masomo wa siku 180, mtoto anakaa ndani ya gari saa 540. Cambridge, bodi ya mitihani ya Uingereza, hupendekeza saa 130 za kufundishwa kwa somo moja la IGCSE, kwa hiyo muda ule wa barabarani unatosha masomo manne. Hesabu hiyo inapaswa kumshtua mzazi yeyote. Na kinachokatwa kwanza ni usingizi: mtoto wa kuamka saa 10:45 alfajiri inabidi alale saa mbili usiku, na katika nyumba ambayo baba au mama anarudi kazini saa moja, hilo halifanyiki. Dalili huonekana kwa walimu kabla ya wazazi: mtoto anasinzia somo la tatu, na michezo ya jioni anaikosa kwa sababu gari halimsubiri.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya maombi, pandeni barabara hiyo wenyewe Jumatatu ya muhula, saa ileile ambayo mtoto atasafiri. Jumamosi haitawaambia kitu. Ulizeni gari la shule linaishia wapi, maana mengi hayafiki Bagamoyo mjini, na kipande kinachobaki kitakuwa juu yenu. Ulizeni kama kuna mhudumu ndani mbali na dereva, kama kila mtoto ana mkanda, na kuna safari ya pili kwa wanaobaki kwenye michezo au la.

Upande wa shule ya jirani una hoja ambayo wageni wengi hawaijui. Wilaya ya Bagamoyo ina jina katika elimu, hasa ya sekondari za bweni; Marian na Baobab zinajulikana nchi nzima. Kwa watoto wadogo, shule za binafsi za mchepuo wa Kiingereza hufundisha hesabu na kusoma kwa msisitizo ambao hautamwacha nyuma mtoto wa miaka saba atakapohamia kwingine. Anapata pia Kiswahili cha kuishi nacho, marafiki wa mtaani na mchana wa kucheza. Udhaifu upo, nao usifichwe: darasa linaweza kuwa na watoto wengi, mazoezi ya kukariri ni mengi, uandishi huru ni mchache, na baadhi ya shule bado zina fimbo. Hili la mwisho liulizwe waziwazi siku ya kwanza. Mzazi anayechagua njia hii anunue vitabu vya Kiingereza na sayansi vya mtaala wa Uingereza na kumpa mtoto saa tatu au nne kwa wiki nyumbani. Kwa umri huo pengo linazibika.

Mwaka wa 9 unabadilisha mambo, kwa sababu hapo ndipo masomo ya IGCSE huchaguliwa. IGCSE ni kozi ya miaka miwili, na anayeingia katikati ya Mwaka wa 11 anaweza kukuta shule inafuata bodi nyingine ya mitihani, au somo lilelile kwa silabasi tofauti. Cambridge na Pearson Edexcel zote hutoa IGCSE, lakini kazi iliyofanywa kwa moja haihamii moja kwa moja kwenye nyingine. Mtoto wa miaka 14 akipelekwa shule ya mtaala wa taifa kwa sababu ya ukaribu, kisha arudishwe, atalipa kwa mwaka mzima wa maisha yake.

Bango la nje lisikudanganye. “International” haimaanishi Uingereza: International School of Tanganyika, iliyo kongwe na yenye sifa jijini, inafuata IB (International Baccalaureate), mtaala mwingine kabisa. Na neno “Cambridge” huandikwa hata na shule zinazotumia vitabu vya Cambridge bila kuwa kituo cha mitihani. Ombeni namba ya kituo. Ya Cambridge kwa Tanzania huanza na herufi TZ ikifuatiwa na tarakimu, na shule inaweza kutafutwa kwenye tovuti yao. Ombeni pia namba ya usajili ya Wizara ya Elimu, inayoanza na EM kwa msingi na S kwa sekondari. Shule inayosita kutoa namba hizi mbili imeshajibu maswali mengine yote. Ukaguzi wa British Schools Overseas, unaotambuliwa na serikali ya Uingereza, ni nyongeza nzuri. Shule ikisema inao, ombeni ripoti nzima na msome tarehe yake.

Siku ya kutembelea, ukumbi na bwawa la kuogelea visiwachukulie muda. Ombeni daftari la hesabu la mtoto wa Mwaka wa 6, lolote, na mfungue kurasa za mwezi uliopita. Angalieni tarehe: kazi ni ngapi kwa wiki, mwalimu amesahihisha baada ya siku ngapi, na mtoto amerudia alipokosea au alama nyekundu imebaki pale pale. Kisha nendeni maabara. Fungueni bomba la gesi, angalieni kama bureti (mirija ya kupimia kimiminika) zina vumbi, na muulize wanafunzi wa sayansi hufanya karatasi ya 5 au ya 6. Karatasi ya 5 ni mtihani wa vitendo, mtahiniwa akishika vifaa mwenyewe; ya 6 ni mbadala wa kuandika. Zote zinakubalika, na kuchagua ya 6 si aibu. Shida ni pale shule inapochagua ya 6 kwa sababu watoto hawajawahi kushika bureti hata mara moja. A-Level ya kemia itawafichua.

Swali jingine ambalo wazazi hulijua wakiwa wamechelewa ni la ngazi ya mtihani. Katika hesabu na sayansi za Cambridge kuna Core (ngazi ya chini) na Extended (ngazi ya juu). Anayesajiliwa Core, hata akipata kila swali, alama yake ya juu kabisa ni C. Akitaka A-Level ya hesabu baadaye, mlango umefungwa. Ulizeni nani huamua, lini, na mzazi anajulishwa kwa maandishi au la. Usajili wa mitihani ya Mei na Juni hufungwa mapema mwaka huo, mara nyingi Februari, kwa hiyo mazungumzo yafanyike kabla ya Krismasi.

Fedha tutazigusa kwa ufupi, kwa kuwa kila shule ina orodha yake. Ada ya masomo ni sehemu tu: kuna ada ya maombi, mchango wa maendeleo, amana, usafiri, chakula, sare, msaada wa Kiingereza kwa wasiokizungumza nyumbani, na ada ya mtihani kwa kila somo. Kanuni za 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipisha huduma za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo familia yenye posho ya dola ijue nani anabeba hasara ya kubadilisha fedha. Soma pia kifungu cha notisi. Shule nyingi zinataka muhula mzima, na anayeondoka ghafla hupoteza amana.

Kwa familia za Watanzania na za ndoa mchanganyiko kuna jambo la ziada. Mwenye IGCSE na A-Level akitaka chuo kikuu hapa nchini, vyeti vyake hupelekwa Baraza la Mitihani, NECTA, kupata ulinganifu. Mchakato huo upo na unafanya kazi, ila mchanganyiko wa masomo ndio humkwamisha mtu, basi uchaguzi wa Mwaka wa 9 uzingatie vyuo vya hapa pia. Cambridge ina IGCSE ya Kiswahili. Kuiacha, kwa mtoto anayekiongea, ni kutupa alama nzuri.

Kusoma nyumbani kwa mtandao na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kunawezekana, lakini si vituo vyote hupokea watahiniwa wa nje, na masomo yenye vitendo au mazungumzo husumbua. Kwa mtoto mmoja mwenye nidhamu, sawa. Kwa watatu wa umri tofauti, nyumba inageuka shule na mzazi mmoja anaacha kazi.

Familia yenye mtoto wa miaka 7 na mwingine wa 14 ndiyo inayobanwa kweli, maana jibu la mmoja linamuumiza mwingine. Hapo tungeshauri kupanga kati ya Bunju na Mapinga: mkubwa anapunguziwa sehemu kubwa ya safari, mdogo anasoma jirani, na mzazi ndiye anayesafiri kwenda kazini Bagamoyo, akienda kinyume na msongamano asubuhi na jioni. Mwajiri aulizwe kabla ya kusaini kama posho ya nyumba inaruhusu kukaa nje ya Bagamoyo. Na kama mkataba unaisha Desemba wakati mtoto atakuwa Mwaka wa 11, kiandikwe kifungu cha kulipia ada mpaka mtihani wa Juni.