Ilikuwa 14,650, siyo 30,000

Kwanza niweke hesabu sawa. Siyo 30,000. Ilikuwa 14,650, na ile 50 ilikuwa sarafu moja ya shilingi hamsini ambayo mpaka leo sijui nani aliitoa na alikuwa ananiombea nini. Yule jamaa wa bajaji amewasimulia watu wa grupu la wahitimu kwamba nilichangiwa 30,000 na nikalia. Sikulia. Niliingiwa na vumbi la chaki. (Ukumbi ule hauna ubao wa chaki, najua, msinisumbue.)

Ila kwa kuwa tangu Ijumaa nikikatiza Kabwe, hapa Mbeya, naitwa "Mgeni Rasmi, unadaiwa!", acha niseme mwenyewe, ili mnaocheka mcheke mkiwa na taarifa kamili.

Mnaujua ule utaratibu wetu. Kila mwaka, kabla watoto wa mwaka wa tatu hawajaingia UE (mitihani ya chuo), wahitimu tunarudi chuoni kwa kujitolea tukawaambie mtaani kukoje. Hatulipwi, labda soda. Nami miaka miwili iliyopita nilikaa kwenye viti vilevile nikimtazama kaka mmoja aliyekuja na tai, nikaapa kwamba ipo siku nitasimama pale na tai. Tai nimeipata. Vingine ndiyo tunaendelea kuvitafuta.

Stetasi yangu inasema: Mwalimu, Mshauri, Mwekezaji wa Kilimo. Mwalimu ni kweli, najitolea sekondari moja hapa Mbeya, Historia na Kiswahili, kwa posho ya 80,000 ikipatikana. Mwezi wa tano haikupatikana, nikapewa debe la mahindi. Ushauri nautoa bure, na wengi wanaoupata hawakuuomba. Uwekezaji ni miche kumi na moja ya parachichi kwa bibi kule Rungwe, na mbuzi wa jirani ameshawekeza kwenye minne.

Suti nilinunua Mwanjelwa, mtumba wa belo lililofunguliwa asubuhi hiyohiyo. Muuzaji alianzia 25,000, tukamalizana kwa 12,000. Rangi ya majivu, haina doa. Lile koti mkae nalo akilini, nitalirudia.

Siku yenyewe dada yangu alinitumia 10,000 ya nauli na "angalau ununue maji, usiongee koo likakauka". Mungu ambariki. Alichosahau, na mimi nilijifanya nimesahau, ni kwamba kwenye simu nilikuwa na kamkopo. Mnakajua kale: salio halitoshi, simu inakuuliza kwa upole kama uongezewe, wewe unabonyeza moja kama mtu anayekubali chai. Kalikuwa kamefika 21,000. Pesa ya dada iliingia, nikasikia mlio, nikatabasamu. Ukaja mlio wa pili. Simu inanishukuru kwa kulipa 10,000, deni lililobaki ni 11,000, salio 0. Hata sekunde kumi pesa haikukaa. Haikuvua viatu.

Basi nipo Kabwe saa mbili na nusu, baridi la mwezi wa sita linakata masikio, nina tai, sina shilingi. Mtu mwenye akili angetembea. Mimi nikawaza: mgeni rasmi anaingiaje getini kwa mguu, viatu vyekundu kwa vumbi? Nikaita bajaji spesho. 3,000. Dereva alikuwa amejifunika skafu mpaka puani, mzula mpaka kwenye nyusi, yaani ni macho tu. Nikamwambia nitamlipa kwa simu tukifika. Akasema, "Sawa, Mheshimiwa." Hilo neno ningelisikiliza vizuri, yote haya yasingetokea.

Tulipofika nikabonyezabonyeza simu, nikakunja uso, nikasema mtandao unasumbua, anisubiri nusu saa nina kikao kifupi. Mpango wangu ulikuwa safi: wenye shughuli watatoa bahasha, nauli itatoka humo. Akanitazama. "Hamna shida, Mheshimiwa. Nasubiri."

Wasemaji tulikuwa watatu. Dada mmoja wa taasisi ya mikopo Tunduma alisema vizuri sana. Jamaa wa parachichi (yeye anazo kweli, ekari na ekari) akaonesha picha, watu wakapiga makofi. Nikafuata mimi.

Na jamani, nilianza vizuri, hata adui yangu atakiri. Niliwaambia wakihitimu wasikae kusubiri, waingie Ajira Portal, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, siku hiyohiyo, vyeti vipigwe muhuri na mwanasheria, barua ya maombi waisaini, maana watu wanaachwa kwa kukosa saini tu. Nikawaambia siku hizi hata sisi walimu tunafanyiwa usaili, kwa hiyo madaftari wasiuzie wauza karanga. Nikagusia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kijana mmoja akauliza kama mimi nimeshaupata. Nikasema kikundi chetu kiko kwenye mchakato. Kikundi chetu kilivunjika siku ya kumchagua mweka hazina.

Nikawakumbusha na bodi ya mikopo, kwamba ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hivyo bumu, yaani hela ya mkopo wanayokula sasa, lina mwenyewe. Wakaguna. Ningekaa hapo. Ningesema asanteni, nikakaa, nikanywa maji.

Lakini makofi yana pombe ndani yake. Nikashika maiki kwa mikono miwili, nikashusha sauti kama mchungaji anayekaribia sadaka, nikasema: "Wadogo zangu, mimi leo nazungumza nanyi kama mtu aliyepata uhuru wa kiuchumi." Kimya. Kimya kizuri. Nikaongeza, "Na niwaambie ukweli. Hatukukaa miaka mitatu kwenye viti hivi ili tukaendeshe bajaji."

Makofi.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo wengi mmeelezwa uongo.

Mlango wa ukumbi ule unalia. Haulii kidogo, unalia kama mbuzi anayepelekwa mnadani, na ukianza unaendelea mpaka uishe. Watu kama mia mbili wakageuka. Kwenye mlango kuna mtu wa skafu na mzula, ameshika funguo. Hakuingia kwa fujo. Ingekuwa fujo ningeita walinzi. Aliingia kwa adabu, akatembea katikati ya viti, akasimama safu ya tatu, akanyoosha mkono kama mwanafunzi mwenye swali. MC, binti mmoja mchangamfu kuliko inavyohitajika, akampelekea maiki.

"Samahani, Mgeni Rasmi," akasema. "Nusu saa imekuwa saa na robo. Naomba ile elfu tatu yangu niwahi abiria."

Kwenye maiki, wanangu.

Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kisha nikafanya kile mwanaume hufanya akiwa hana pesa mbele za watu: nikapeleka mkono mfukoni. Mfuko wa ndani wa koti. Nia yangu ilikuwa nipapase, nishangae, niseme waleti nimeisahau kwenye gari. (Gari gani? Usiniulize, nilikuwa natunga.) Mkono ukafika, vidole vikatafuta mlango wa mfuko. Hakuna. Nikajaribu mfuko wa kulia, wa nje. Hauingiliki. Wa kushoto. Hauingiliki. Mifuko yote ya lile koti ilikuwa imeshonwa, uzi wake wa kiwandani haujawahi kuguswa. Wiki mbili nzima ninalo, sijawahi kujua, kwa sababu sijawahi kuwa na kitu cha kuweka humo.

Basi mbele ya watu mia mbili nikawa najipapasa kifua, kiuno cha kulia, kiuno cha kushoto, tena kifua, kama mtu aliyeingiliwa na siafu. Wa mbele wakaanza kuziba midomo. Madaftari yakapanda kufunika nyuso.

"Nitakutumia kwa simu," nikasema.

"Uliniambia mtandao unasumbua."

"Bado unasumbua."

"Mimi wangu uko vizuri. Nikurushie hotspoti?"

Ukumbi ukaenda. Kuna dada wa safu ya pili alitoka nje kabisa kwenda kucheka akiwa amesimama.

Nilidhani hapo ndiyo mwisho wa shimo. Madam mmoja wa meza kuu akavaa miwani, akainama mbele. "Hebu toa hiyo kofia. Wewe si CR wa ule mwaka wao?"

Jamaa akavua mzula, akashusha skafu. "Shikamoo Madam. Ndiyo mimi."

Ndugu zangu. Huyu mtu alikuwa CR wetu, kiongozi wa darasa, tulikaa benchi moja miaka mitatu. Semina zangu zote za mwaka wa pili ni mwandiko wake nilioubadilisha jina. Mimi sikumtambua. Yeye alinitambua tangu Kabwe, ndiyo maana ya ule uheshimiwa wote, na ile sentensi yangu ya bajaji aliisikia vizuri sana, kwa sababu spika moja walikuwa wameitoa nje.

Sasa yule MC. Kuna watu Mungu amewapa huruma akasahau kuwapa breki. Akachukua maiki, akasema, "Wanafainali, kaka yetu amekuja kujitolea kwa ajili yetu. Tusimwache aaibike." Kama vile kuaibika kulikuwa hakujaanza. Nikapunga mkono, nikasema hapana hapana, lakini maiki alikuwa nayo yeye. Mzula wa dereva ukaanza kuzungushwa. Wana kwaya wa pale kulia wakaanzisha wimbo wa sadaka. Wa mapambio, na vigelegele, na makofi ya kupishana.

Nimesimama. Hakuna aliyeniambia nikae, na nilihisi kukaa kutaonekana ni kiburi. Nikawatazama watoto ambao bumu lao lenyewe lilikuwa halijaingia wakitoa mia mbili mbili. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Nimeweka elfu mbili, naomba nirudishiwe moja, ni ya kula." MC akachokoa kwenye mzula, akampa. Nilitamani Mlima Loleza unishukie.

Kisha akahesabu. Kwenye maiki. "Elfu moja. Elfu moja mia tano. Elfu mbili." Kila ikifika elfu, wanashangilia. Tatu ilipotimia nikadhani ataacha, deni si tatu? Akaendelea! Aliendelea mpaka elfu kumi na nne na mia sita, akaitoa ile sarafu, akaiinua juu kwenye mwanga wa dirisha kama padri, akasema, "Na hamsini."

Jamaa akachukua elfu tatu yake. "Ya kusubiri sidai," akasema, na ukumbi ukampigia makofi marefu kuliko yote ya siku ile. Iliyobaki akaletewa mgeni. Hapa nawaapia nilikataa. Mdomo ulisema "hapana, wapeni wenye uhitaji". Mkono ndio ukapokea.

Yaliyobaki ni ya haraka. Wanafunzi wakamwomba jamaa abaki awaeleze. Akaeleza dakika arobaini: hesabu ya tajiri (mwenye bajaji) kwa siku, mafuta, bajaji ya mkataba inavyokuwa mali yako ukivumilia, jinsi anavyojaza maombi ya kazi usiku akishapaki. Watu waliandika. Nilipokuwa naongea mimi hakuna aliyeandika, nilidhani wana kumbukumbu nzuri. Bahasha niliyoisubiri ilikuja kweli, ndani yake cheti cha shukrani, jina langu limekosewa herufi mbili. Jamaa akanirudisha nyumbani bure. Njiani nikamwambia, kaka, ile kauli ya bajaji nisamehe. Akasema, "Ipi? Mimi nilikuwa bize kuirekodi." Saa moja baadaye ilikuwa kwenye grupu.

Jioni nikaona angalau nimrudishie dada 10,000 yake, nimwambie shughuli ilikwenda vizuri. Nikaenda kwa wakala na zile 11,650, sarafu kwa sarafu, wakala ananitazama kama nimevunja sanduku la kanisa. Akaniwekea. Mlio. Nikatabasamu.

Mlio wa pili.

Deni lilikuwa limeshafika 11,400, limeongezeka ada ya siku. Simu ikanishukuru kwa kulikamilisha lote. Salio jipya, 250.

Kwa hiyo wewe uliyetoa ile sarafu ya hamsini, kama unasoma hapa: ya kwako bado ipo.