Pweza wa Saa Nane Usiku

Kizazi changu kilitolewa kwa sababu ya uvimbe, na ovari zote mbili zikaondoka nacho. Daktari alinieleza mapema: ovari zikitoka, homoni zinashuka ghafla, na jasho la usiku linaweza kuanza siku chache tu baadaye. Sawa. Lakini mimi naishi Tandika, na ilikuwa Februari. Huku hata mwenye ovari zake kamili analala uso kwa uso na feni.

Jasho likaja, na si lile la kujifuta kwa kiganja. Shangazi, aliyetoka Muheza kuja kuniuguza, alinipangia rundo la khanga kavu, kipimajoto (homa ikifika 38 twende hospitali, haikufika), na mto mdogo wa kukandamiza kidonda nikikohoa au kucheka. Mume wangu alihamishiwa sebuleni. Usiku nilianza na khanga ya "Wema hauozi". Kufika alfajiri zimebaki za misibani tu.

Siku hiyo umeme ukakatika. Feni ikazunguka kivivu, ikasimama. Moto ukanipanda kifuani, shingoni, mpaka kwenye mizizi ya nywele. Shangazi anakoroma mkekani, nikamhurumia. Nikajikongoja hadi kwenye friza, nikapapasa gizani, nikatoa mfuko mgumu, wa baridi ya kuliza. Nikauviringisha kwenye khanga, nikauweka shingoni, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nitoke wodini.

Barafu ikiyeyuka hubaki maji. Hii ilipoyeyuka ilibaki miguu.

Shangazi ndiye aliyeiona. Aliamka kwenda msalani, akanimulika kwa tochi ya simu aone kama nina homa. Mfuko ulikuwa umefunguka, na mkono wa zambarau, umejaa viduara, umenipita begani, ncha yake imejikunja kifuani.

"Audhubillahi! Mwanangu, usitikisike!"

Nitaachaje kutikisika? Nikainuka, pweza akateleza tumboni pote, akatua mapajani. Yowe nililopiga sidhani kama nyuzi za kidonda zimelisahau. Shangazi anasoma Ayatul Kursiyyu huku ameinua ufagio, mimi naomba asije akanipiga nao tumboni.

Mume wangu akaja mbio na mchi wa kinu mkononi. Akasimama mlangoni, akatazama mapajani kwangu, na badala ya kuuliza nimepatwa na nini, akasema:

"Pweza wangu!"

Shangazi akashusha ufagio taratibu. "Wako? Wa kazi gani, baba?"

Dar nzima inajua supu ya pweza wanaume wanainywea nini. Na daktari alituambia sote watatu bila kumung'unya maneno: wiki 6, hakuna ndoo ya maji, hakuna tendo la ndoa.

"Nilipita Feri, shangazi. Nikasema mgonjwa apate… apate protini."

"Ndiyo ukamficha chini ya barafu?"

Kicheko kikanipasuka. Nikautafuta mto wa kukandamiza kidonda, siuoni, nikamkandamiza pweza.

Asubuhi shangazi alimchemsha, akamuunga kwa nazi, akanipakulia bakuli, naye akajipakulia. Mume wangu akawekewa chai ya rangi na kiporo cha chapati. Akachungulia sufuria.

"Wewe," shangazi akamwambia, akifunika, "zako zimebaki wiki nne."