Kiraka Begani: Nani Amekiidhinisha, Nani Anakisoma?

Mei 2016, mpiga picha wa shirika la habari la AFP aliwanasa makomando wa Marekani kaskazini mwa Syria, kwenye mapambano ya kuelekea Raqqa, wakiwa wamebandika begani viraka vyenye nembo za YPG, wapiganaji wa Kikurdi. Katika vita dhidi ya ISIS, Marekani na YPG walikuwa upande mmoja. Lakini Uturuki, mwenziwe Marekani ndani ya NATO, inawahesabu YPG kuwa magaidi, na waziri wake wa mambo ya nje wa wakati huo, Mevlüt Çavuşoğlu, hakukawia kulalamika hadharani. Kwanza msemaji wa Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, alitetea: makomando, alisema, hufanya wawezalo ili wasitofautiane sana na watu wanaofanya kazi nao. Siku iliyofuata msemaji mwingine wa jeshi akasema nembo zile hazikuwa na idhini na zimeamriwa zitolewe. Majibu mawili, jeshi moja.

Kila picha ya namna hii inaposambaa, hoja huwa zile zile. Kuna wanaosema askari anayelala mtaroni aachiwe kiraka chake, hamdhuru mtu. Kuna wanaosema sare ni ya taifa, na aliyeivaa hana ruhusa ya kuichorea. Sisi wa Mombasa tuna masikio ya mjadala huu tangu zamani. Mwanamke wa huku hanunui leso kabla ya kusoma jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, na jirani aliyepitishiwa leso yenye fumbo hangoji kuambiwa kwamba yeye ndiye aliyelengwa. Mapema karne ya 20, vyama vya ngoma ya beni mjini humu, Kingi na Skochi, vilishindana barabarani kwa sare, vyeo na nishani zilizoigwa kutoka kwa wanajeshi na mabaharia wa Kizungu. Wakati ule raia aliazima alama za jeshi. Siku hizi askari ndiye anayeazima alama za mtaani, za vibonzo na za siasa.

Upande wa askari una historia nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1918 Divisheni ya 81 ya Marekani ilikwenda Ufaransa na paka-mwitu begani, alama iliyojichagulia yenyewe. Divisheni nyingine zikalalamika, shauri likamfikia Jenerali Pershing, kamanda wa majeshi ya Marekani huko Ulaya, naye akaibariki. Kabla mwaka haujaisha, divisheni nyingine nazo zilikuwa zinabuni alama zao. Kwa maneno mengine, beji za begani ambazo leo jeshi la Marekani linazilinda kwa kanuni nene zilianzia kwenye jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliagiza.

Na alama ya kikosi hufanya kazi ambayo bendera peke yake haiwezi. Vijana wa Afrika Mashariki waliopigana Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 walivaa kichwa cha kifaru. Mkenya, Mtanganyika, Mnyasa na Mganda hawakuwa na taifa moja la kulifia, na mfalme waliyeapishwa kwake hawakuwahi kumwona. Kifaru angalau walimjua. Alama ile ilitolewa na wakubwa, ndiyo, lakini inaonyesha kwa nini askari hutafuta kitu kidogo cha kusema “hawa ndio wangu”. Viraka vingi visivyo rasmi ni vya namna hiyo: mzaha wa kikosi, kumbukumbu ya mwenzao aliyeuawa, kundi la damu. Wanajeshi wa nchi mbalimbali wakikutana kwenye mazoezi, hubadilishana viraka kama ukumbusho. Sioni sababu ya afisa yeyote kukosa usingizi kwa hayo.

Upande wa pili nao hauna hoja nyepesi. Aprili 2018 mkuu wa jeshi la nchi kavu la Australia, Angus Campbell, alipiga marufuku alama za mauti kwenye vikosi vyake: fuvu na mifupa, mzuka wa mauti mwenye mundu, hata alama ya Punisher, yule muuaji wa kwenye vibonzo. Hoja yake ilikuwa kwamba zinalea kiburi na kumsahaulisha askari uzito wa kazi ya kutoa uhai kwa mujibu wa sheria. Walimcheka wengi, wakasema ni ulaini wa siku hizi. Novemba 2020 ripoti ya Brereton, uchunguzi wa mwenendo wa makomando wa Australia nchini Afghanistan, ikatoka: taarifa za kuaminika kuhusu Waafghani 39 waliouawa kinyume cha sheria, na wanajeshi 25, waliokuwa kazini au waliokwishatoka, wakihusishwa. Kiraka hakikumuua yeyote kati yao. Ila kamanda aliyezoea kuona fuvu kila asubuhi na asiulize lolote, amezoea pia kutouliza mengine.

Hapo ndipo wanaopenda kanuni husema: basi, dawa ni idhini, kilichoidhinishwa kivaliwe na kisichoidhinishwa kitolewe. Jibu hili linanitia shaka. Fuvu lile lile lililokatazwa Australia ndilo beji rasmi ya kikosi cha Royal Lancers cha Uingereza hadi leo. Fuvu la SS ya Hitler lilikuwa rasmi kabisa, na muhuri juu. Divisheni ya 45 ya Marekani ilivaa swastika ya manjano kwa heshima ya Wahindi Wekundu wa kusini-magharibi mwa nchi hiyo, hadi mwishoni mwa miaka ya 1930 Wanazi walipoiharibu. Hapa Mombasa unaiona swastika kwenye mahekalu ya Wahindu na ya Wajaini, na hakuna anayeshtuka, maana mpita njia anajua ni ishara ya heri. Lakini bendera ya Kinazi ilipopandishwa juu ya gari la wanajeshi wa Australia nchini Afghanistan mwaka 2007, hakukuwa na maelezo yoyote ya kuiokoa. Idhini inatuambia nani alitia saini tu. Haituambii anayekitazama kiraka ataelewa nini.

Kwangu mimi huyo anayetazama ndiye kipimo. Huko Iraq na Afghanistan, askari wengi wa Marekani walivaa viraka vilivyoandikwa “kafiri” kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Kwao ulikuwa mzaha: mnatuita makafiri, haya, tumekubali. Kambini pengine kilichekesha. Sasa kichukue kiraka hicho ukilete mtaa wa Majengo hapa Mombasa, ambako polisi walivamia Masjid Musa Februari 2014, na vijana wakakamatwa kwa makundi. Au ukipeleke Lamu, au Kismayu nchini Somalia, ambako wanajeshi wa Kenya waliingia mwaka 2012. Serikali inamtaka mama wa Kiislamu aripoti kwamba mwanawe ametoweka na huenda amevuka mpaka kujiunga na Al-Shabaab. Mama huyo ataongea na nani? Na mtu mwenye bunduki aliyejiandika kafiri kifuani? Hata akiambiwa ni utani, utani huo haukufanywa naye wala kwa lugha ya nyumbani kwake. Kiraka cha inchi mbili kinaweza kufunga mdomo ambao mkuu wa usalama alihitaji ufunguke.

Ndiyo maana hirizi aliyofungwa askari na nyanyake haina kesi. Imefichwa chini ya shati, haisemi na mtu. Kiraka kimewekwa nje makusudi, kisomwe.

Sheria zetu nazo zinaelekea huko. Kifungu cha 239 cha Katiba ya Kenya kinavizuia vyombo vya usalama wa taifa, na kila mmoja aliye ndani yake, kupendelea upande au kuendeleza maslahi ya chama au harakati ya kisiasa. Afisa akipanda feri ya Likoni na rangi za chama begani, au baharia wa kambi ya wanamaji ya Mtongwe na maandishi ya “Pwani si Kenya”, kaulimbiu ya wanaotaka Pwani ijitenge, hatuhitaji kusubiri kanuni ya mavazi. Kwa upande wa vita, Kanuni za Hague za 1907 zinawataka hata wanamgambo wawe na alama moja isiyobadilika, inayotambulika kwa mbali. Alama ni ya kumwezesha mwingine ajue anakabiliwa na nani. Crimea, rasi ya Ukraine iliyotekwa na Urusi mwaka 2014, ilionyesha kinachotokea alama inapokosekana kabisa: wanajeshi wenye sare kamili na silaha nzito, na mwanzoni hakuna aliyekubali kuwa ni wake.

Kwa hakika, Kenya tuna tatizo kubwa zaidi upande huo wa kukosekana. Juni 2024 wanajeshi walipoitwa kuwasaidia polisi wakati wa maandamano, malalamiko ya wananchi yalihusu watu wasio na sare, nyuso zimefunikwa, majina hayaonekani. Agosti mwaka huo Mahakama Kuu iliamuru polisi wanaosimamia maandamano wasifiche utambulisho wao. Askari mwenye paka-mwitu begani na jina lake kifuani, mimi namwogopa kidogo kuliko msafi asiye na jina.

Basi msimamo wangu ni huu: kwenye mesi ya kambi na kwenye mkoba wa askari, waachiwe mizaha yao. Mbele ya raia, pavaliwe bendera, cheo, kikosi na jina, na kinachoongezwa kipite kwa kamanda wa kikosi mwenyewe, si kwa kamati itakayokaa nacho mwaka mzima. Najua pingamizi: simu imeondoa ukuta kati ya mesi na barabara, picha ya Jumamosi usiku kambini iko TikTok kabla ya alfajiri. Ni kweli, na sina ufumbuzi wake zaidi ya kusema kamanda afikirie kwamba kila kiraka kitaonekana, kisha aamue kipi yuko tayari kukieleza kwa jina lake.

Pia, amri ya “kitoeni” isiwe mwisho wa maswali. Kule Syria viraka vilitolewa, lakini ule utetezi wa kwanza ulionyesha kwamba mazoea hayo yalikuwa yanafahamika juu kabla ya picha kutoka. Kwetu, raia atakayeonekana Kongowea na koti la mtumba linalofanana na sare ya jeshi anaweza kujikuta kituoni akijieleza. Afisa aliyepita mbele ya kiraka cha matusi kila siku gwarideni bila kusema neno anastahili kuulizwa maswali hayo hayo, na kwa ukali zaidi.